Nilipokalia Kiti cha Ndoyi

Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Lubumbashi, nikiwa na akili zangu zote. Najua unachotaka kusema: walevi hao. Sawa, tulikuwa tunakunywa, wala sifichi. Lakini mke wangu hajawahi kuonja hata povu la bia, na yeye ndiye shahidi wangu. Kama mimi huniamini, mwamini yeye.

Chanzo cha yote ni Didier, rafiki yangu tangu shule, fundi cherehani wa Kamalondo, mtu asiyeweza kumaliza Jumapili bila kubuni upuuzi. Alikuwa ameona kwenye simu vijana wa Ulaya wanaopanda treni za chini ya ardhi, wanashuka kila kituo, wanakunywa glasi moja, wanapanda tena. Akasema na sisi tufanye. Treni ya chini ya ardhi tutaitoa wapi mji huu? Didier akajibu kwamba reli tunayo na miguu tunayo. Tungeifuata reli kutoka Kamalondo, na kila mahali barabara inapoikata, tungeingia baa ya kwanza tutakayoiona. Atakayeshindwa kufika mwisho avae kitenge cha mama yake kwenye Misa ya Jumapili ijayo. Fiston, mwenzetu wa tatu, alikubali kabla hata ya kusikia masharti.

Mimi nilisita. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, siku zake zimekaribia, na nilimwahidi kwamba giza halitaingia nikiwa nje. Nikawaambia nitatembea nao, lakini jua likianza kushuka nawaacha, kitenge nitavaa. Walinicheka mpaka wakachoka.

Basi tukaenda, tukipiga kelele na kuruka mataruma. Baa tatu zilipita vizuri. Ya nne sikuwahi kuiona, na mji huu naujua. Ilikuwa ndogo, imegeuza mlango kuelekea reli badala ya barabara. Ndani walikaa watu wachache, kimya, kila mmoja na chupa yake. Didier akaniita kwa jina langu, lile la kurithi, nije tukae pembeni. Hapo mzee mmoja aliyevaa kofia ya zamani ya watu wa reli akainua kichwa.

"Jina hiyo ni yangu," akaniambia. "Basi uko ndoyi yangu."

Kwetu, mtu mnayeshiriki jina ni ndoyi wako, na ndoyi si mtu wa kupita. Chako ni chake. Hata mke wake atakuita mume wangu kwa utani, na hakuna atakayekasirika. Jina langu ni la babu yangu, aliyetoka kaskazini kuja kufanya kazi ya reli, na sijakutana na wengi wanaolibeba. Kwa hiyo nilifurahi, kweli nilifurahi. Nikamkumbatia. Akauliza nakaa wapi, nikamweleza mpaka rangi ya mlango. Akauliza kama nimeoa, nikamwambia kuhusu mimba.

"Basi bibi yetu iko na mimba," akasema, na machozi yakamtoka. Nilidhani ni ya furaha.

Tukaongea kidogo, kisha nikaona mwanga mlangoni unaanza kupungua. Nikasema naondoka. Yeye akasimama kabla yangu, akanishika mkono.

"Ndoyi, nikalie pa kiti yangu kidogo. Nikiamuka, haiwezi kubakia bule. Ndoyi na ndoyi ni muntu moya."

Wewe ungekataa? Niambie ukweli. Mzee wa watu, ndoyi wako, anaomba umshikie kiti kisibaki kitupu. Nilikalia.

Mzee akaenda moja kwa moja kwenye meza ya wenzangu. Didier akampiga bega, akamtania kuhusu kitenge, akamwambia amsalimie bibi. Fiston akampa mkono. Walimchukua yeye kuwa ndiye mimi! Nikamwita Didier, na sauti ilitoka, naapa ilitoka, lakini hakugeuka. Nikataka kusimama. Miguu ilikuwepo, naiona, naigusa, ila haikunisikia. Wote watatu wakatoka, wenzangu wakimsindikiza. Nikawasikia wanacheka kwenye mawe ya reli, na kile kicheko cha tatu kilikuwa changu.

Nilijaribu simu, hakuna mtandao. Nikawaomba waliobaki wanisaidie, wakatazama chupa zao. Ndipo nikaelewa kwamba nao walikuwa wameketi kwa namna ile ile, na woga ulionishika hapo sina jinsi ya kuueleza. Mhudumu akaja, msichana mpole, akanifutia meza.

"Papa, kila siku uko hapa," akasema. "Kunyumba hauna bantu?"

Nililia kama mtoto. Nilimwambia jina langu, nikalirudia, nikidhani atanitambua. Akaitikia tu kwa kichwa, kama mtu anayejua tayari. Nje kukawa giza, na mimi nilikuwa nawaza mlango wangu, ambao nilikuwa nimemwelekeza mwenyewe.

Simu ile ile isiyo na mtandao ikalia. Ilikuwa mke wangu, anaongea kwa kunong'ona.

"Papa ya mutoto, uko wapi?"

Sijui nilijibu nini. Ninachojua ni kwamba nilijikuta nimesimama, halafu niko nje, nakimbia juu ya mataruma bila kiatu kimoja.

Nilimkuta amejifungia, ameshika mwiko. Hapakuwa na mtu mlangoni. Alinieleza kwamba mtu alibisha hodi na sauti ilikuwa yangu kabisa. Alikuwa ameshaweka mkono kwenye komeo. Kilichomzuia ni kwamba mtu yule alijitaja kwa jina, na mimi tangu tuoane nikifika husema tu, ni miye. Akapiga simu asikie kama italia nje. Haikulia. Nikamuuliza kwa nini aliniita papa ya mutoto, wakati siku zote aliniita kwa jina.

"Jina yako ilikuwa inagonga pa mulango," akasema. "Ningeiita, ingeingia."

Didier mpaka leo anaapa kwamba alinisindikiza hadi karibu na kwangu. Baa ile tumeitafuta mchana, tukakuta ukuta na majani.

Binti yetu, Grâce, alizaliwa salama, na mwaka jana tukapata mvulana. Baba yangu alitaka apewe jina la babu, kama ilivyo desturi. Nilikataa, na tangu hapo baba haongei nami. Inaniuma sana, lakini siwezi kumuelewesha. Nyumbani jina lile halitajwi. Mimi ni Papa Grâce, basi. Mwezi uliopita Fiston alinishukuru kwa bia tuliyokunywa pamoja karibu na reli. Mimi nilikuwa Kilwa, ile ya huku kwetu, mbali na mji, wiki nzima.

Kwa hiyo nakuomba. Mtu akikuambia jina lako ni lake, msalimie, cheka naye, lakini usimwelekeze kwako na usikalie kiti chake. Na wewe unayenifahamu, ukiniona njiani ukaniita kwa jina, nikageuka nikaitika, kimbia. Mimi siitiki tena.