Kigwe cha Suruali ya Baba

Mwenye duka wa Mkomani alipoichoma ncha ya kamba ya nailoni kwa kiberiti ili isifumuke, harufu yake ilinirudisha barazani kwetu, Siyu.

Mama alikuwa akisuka kigwe cha suruali ya baba kwa kijiti cha mpera chenye panda. Uzi wa nailoni ulizunguka meno mawili ya kijiti. Alikinyanyua kitanzi cha chini kwa kidole, akakivusha juu ya jino, akakaza, akageuza kijiti, akaanza tena. Mimi nilishika donge la uzi.

Akaja ami, mdogo wake baba, kutoka mjini. Hakuketi.

"Shemeji, kaka amenituma. Amekuacha. Anataka nguo zake."

"Ngoja, imebaki shibiri moja," mama akasema.

Ami akangoja. Mikono ya mama haikubadili mwendo. Nami niliendelea kuachia uzi kidogo kidogo, wala sikuhisi kitu. Alipomaliza, aliichoma ncha kwa kiberiti, akakipitisha kigwe kwenye suruali, akaikunja juu ya kanzu.

"Mpelekee," akasema. "Asije akawaambia watu nimemrudishia suruali inayoporomoka."

Ami alicheka, akatutazama, kisha akainama kuzichukua nguo.