Kifaa cha Shangazi

Shangazi yangu hushona mapazia. Miaka yote aliyabeba begani hadi kwa wateja, akapanda nayo ngazi, akarudi akilalamikia kiuno. Alipotangaza kwamba sasa anataka gari, baba mdogo, ndugu yake wa mwisho, akasema atamuuzia lake. Akiba yote ya shangazi ingeishia hapo. Gari likimfia, angerudi kwenye bega.

Kwetu, gari la ndugu halipelekwi kwa fundi kabla ya kununuliwa. Ukithubutu, umemwita mwenzio mwizi. Shangazi alijua hilo, ndipo akanunua kwa bei ya chee kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, kikasoma hitilafu za injini na kuzionyesha kwenye simu. Sote tulikiona mchezo wa watoto, kwa hiyo hakuna aliyeudhika.

“Haya, daktari kaja,” baba mdogo alisema alipoleta gari, akamfungulia mlango kwa mbwembwe. “Mpime mgonjwa, dada.”

Shangazi akavaa miwani yake ya kushonea, akachomeka. Simu ikaandika: hakuna hitilafu. Taa ya injini nayo haikuwaka.

“Si nilikwambia?” baba mdogo akadakia. “Pesa umetupa. Hako kadude hakana lolote.”

Tulicheka, mimi nikiwa wa kwanza. Lakini shangazi ni mtu wa kugeuza kitambaa atazame na upande wa nyuma. Alibonyeza ukurasa uliofuata, akasoma kwa sauti: umbali tangu hitilafu zifutwe, kilomita saba.

Kutoka kwa baba mdogo hadi pale uani kwa shangazi ni kilomita saba. Sote tunaijua njia hiyo.

“Mdogo wangu, ulifuta nini kabla ya kutoka?”

Baba mdogo aliangalia tairi. “Kwani hako kadude kanaona mpaka nyumbani kwangu?”

Shangazi alichomoa kifaa, akamrudishia ufunguo mkononi. Nilimwonea shangazi huruma, na nilimkasirikia baba mdogo kwa kuuliza swali la kipumbavu namna ile.

Mapazia bado anayabeba begani. Wateja wenye magari humuuliza kama vifaa vya bei rahisi vinafaa kununuliwa, naye huwajibu kwamba vinafaa, mradi usiishie ukurasa wa kwanza. Siku moja aliniongezea mimi peke yangu, sindano ikiwa mdomoni:

“Angeniambia tu kwamba gari ni bovu. Ningelinunua hivyo hivyo.”