Kengele ya Friji la Chanjo

Ile kengele nusura initie wazimu. Nilikuwa mhudumu wa maabara ya mifugo pale Cheyo, mjini Tabora, enzi za Mwingereza, na kazi yangu kubwa ilikuwa kulinda friji la mafuta ya taa lenye dawa ya chanjo ya sotoka, ule ugonjwa unaofagia zizi zima la ng'ombe. Joto likipanda ndani, kengele ya betri inalia. Amri ya bwana mifugo, Mzungu, ilikuwa moja: ikilia, fungua mlango, soma kipimajoto, andika daftarini.

Haya, nikifungua, joto la Tabora la mwezi wa kumi linaingia. Nikifunga, kengele inalia tena. Nafungua tena! Nilimweleza bwana mifugo kwamba sisi wenyewe ndio tunaoipasha moto dawa. Akanijibu nisome amri ukutani. Nilikereka mno, wallahi.

Siku moja akafika mzee mfugaji kutoka Nzega na ng'ombe wake wote, ameifuata kwa miguu njia ya zamani ya misafara. Sotoka ilikuwa imeshaingia kijiji jirani na chake. Nikampa shikamoo yake, nikamwambia ng'ombe watachanjwa alasiri, jua likipoa. Kengele nayo ikaanza vituko vyake. Mara ya tano nikachoka, nikasokomeza kitambaa kwenye kinyundo chake, nikaenda zangu Kanyenye kula ugali.

Niliporudi, utambi wa friji ulikuwa umezimika, sijui tangu saa ngapi. Chupa zote zilikuwa vuguvugu, na dawa ile ikishapata joto ni maji tu. Nyingine ingekuja na treni ya wiki ijayo. Nikachomoa kitambaa, nikakitia mfukoni, kisha nikaenda kumwambia mzee kwamba dawa imeharibika.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kengele haikulia, mwanangu?"

"Ililia, mzee. Friji ndilo bovu."

"Basi pole. Kazi yenu ina mateso."

Ananipa pole mimi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini kweli sikuisema. Mjini hapakuwa na malisho ya kundi lile, kwa hiyo akawageuza ng'ombe, akarudi nao kulekule kwenye ugonjwa.

Dawa mpya ilipofika, nilimtuma dereva wa lori la Nzega amwambie aje upesi. Dereva alirudi na jibu: mzee anashukuru kwa kukumbukwa, ila dawa niwape wenye ng'ombe.