Hodi Kwenye Pipa

Mama anayetunza mapipa pale kiwandani kwetu hafunui kifuniko bila kubisha hodi. Ndani mna maji machafu yanayobaki mkonge ukishatolewa nyuzi. Zamani yalimwagwa mtoni, siku hizi tunayatilia bakteria, wanakula sukari iliyomo na kutuachia asidi ya kuhifadhia malisho ya ng'ombe. Huvua kandambili, hugonga kwa kidole kilichobabuka, huinamisha sikio, husubiri, kisha husema taratibu, "Starehe," na kufunua. Mimi ndiye mtu wa maabara, nina kipimo, na mpaka leo sijajua kama anaongea na hao bakteria au anasikiliza povu. Nilipomuuliza alinitazama kwa huruma. "Kwani mwanangu, kwenu mnaingia tu?"

Jumatatu alibisha pipa la nne mara tatu, akavaa kandambili zake, akageuka kama mgeni aliyekosa wenyeji. "Hawapo," alisema. Kipimo changu kilionyesha mambo ni sawa, nikafunua, na harufu ya uozo ikanirudisha nyuma. Tangu hapo nami nabisha, ingawa sijui "karibu" yao inasikikaje. Asubuhi hii nimebisha pipa la tano mara mbili, na ya tatu naiogopa.