Mlima Ambao Fundi Hakuupanda

Fundi alikuwa seremala kwa miaka thelathini na minane, na karakana yake ilitazamana na mlima mtupu nyuma ya mji. Ulikuwa mawe na udongo mwekundu, hauna hata kichaka cha kumficha sungura. Upepo ukivuma, vumbi lilishuka likanata kwenye vanishi mbichi, naye akabaki kusugua milango upya na kuulaani mlima.

Mkewe alipojiunga na majirani waliotaka kupanda miti kule juu, Fundi alicheka mpaka randa ikamponyoka. Kila Jumamosi mama huyo alipanda na ndoo ya maji kichwani, akarudi magoti yakimuuma. Alimwomba mumewe waende wote, japo mara moja tu. Fundi hakukosa kazi: leo kitanda cha maharusi, kesho fremu za madirisha. Mwaka wa tatu alimwomba mabaki ya mbao, wazungushie miche isiliwe na mbuzi. Alimjibu mbele ya wateja kwamba mbao zake si za kwenda kuzikwa mlimani. Wateja wakacheka. Mkewe hakumwomba tena kitu.

Miaka ikaenda. Mwaka juzi mama aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo safari yake ndefu ni kutoka kitandani hadi barazani. Kikundi kilipoalika familia za wanachama kwenda kuuona msitu, alimwambia mumewe, "Baba Watoto, nenda ukanionee."

Safari hii Fundi hakuwa na la kusingizia.

Aliongozwa na mwalimu mstaafu aliyekuwa rafiki wa mkewe na katibu wa kikundi. Walipoingia chini ya miti, joto lilibaki nyuma yao. Kwa mazoea, Fundi alianza kupima mbao kwa macho: huu utatoa kizingiti, ule ubao wa futi kumi. Kisha akasikia maji yakichuruzika kati ya mawe, akaacha kupima. Akamuuliza mwalimu miti ya mkewe ni ipi.

"Hatukuandika majina, shemeji. Alipanda kila mahali. Huku chini mbuzi walimaliza miche yote, mwaka ule tulipokosa uzio. Alilia, halafu akaanza upya."

Fundi aliujua mwaka huo. Mwalimu hakuwa akimsema. Inaonekana hakujua lolote, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mkewe hakumsema kwa mtu.

Wakishuka, mwalimu aliuliza kama vumbi bado linamsumbua karakanani. Fundi akasimama. Miaka mingi hakuwa amesugua mlango upya, na muda wote huo alijisifu kwamba amepata vanishi bora.

Nyumbani mkewe alikuwa na maswali yake. Kivuli kimefika penye jiwe kubwa? Ule mti uliopinda umenyooka? Fundi hakuwa ameangalia. Alisema msitu ni mkubwa, tena mzuri.

"Ningekwenda ulipokuwa na miguu," Fundi alisema mwishowe.

"Ungekwenda," mkewe alijibu bila ukali. "Wakati wa kupumzika wenzangu walikaa na watu wao. Mimi nilikaa na ndoo."

Wiki hiyo Fundi alifunga karakana kwa wateja, akatengeneza kiti chenye mikono mirefu, cha kubebwa na watu wanne hadi mlimani. Mkewe alikipapasa viungo, akakisifu kwa dhati, akakataa. Nyonga isingestahimili mitikisiko ile. Isitoshe, alisema, yeye si kabati. Walicheka wote wawili, kisha Fundi akatoka nje, akakaa huko kitambo.

Sasa kila Jumamosi huenda peke yake. Hukaa juu kule na mkate wake, akitazama kwa bidii ya mtu anayejua ataulizwa. Akirudi humsimulia mkewe, naye husikiliza akiwa amefumba macho, na mara kwa mara humsahihisha.