Matairi ya Kuazima Siku ya Ukaguzi

Ipo Jumatano moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo nikishika usukani hunijia akilini. Na kwa kuwa juzi ulinipigia simu kuniuliza ni wapi wanapitisha magari bila maneno mengi, hapa Bagamoyo au Chalinze, naona ni zamu yako kuisikia. Kaa vizuri, mwanangu. Sitakuchosha, ila sitakimbia.

Nilikuwa na umri kama wako, na pikapu iliyonizidi umri. Kazi yangu ilikuwa kubeba mananasi kutoka Kiwangwa, wakati ule barabara ya Msata ikiwa bado ya vumbi. Mzigo wangu mkubwa, tena wa uhakika, ulikuwa wa mama mdogo wangu, Mwanahawa, mdogo wake marehemu bibi yako. Alikuwa na shamba Kiwangwa na nyumba hapa mjini, na kila msimu alipanda mbele pamoja nami, mananasi yake yakiwa nyuma. Msimu ulikuwa umebaki wiki mbili kufika. Stika yangu ya ukaguzi ilikuwa imekwisha muda, na yeye alikuwa amesema wazi: gari lisilo na stika halibebi nanasi lake hata moja.

Sasa nikueleze desturi yetu sisi wenye pikapu, maana nyinyi vijana mnadhani ujanja umezaliwa na simu. Tulikuwa wanne, na magari yetu manne yalikuwa na seti moja tu ya matairi ya maana. Ilikuwa ya rafiki yangu Shabani. Ukifika wakati wako wa kukaguliwa unakwenda kwake asubuhi, gari lake linapandishwa juu ya mawe, matairi yanahamia kwako. Ukirudi, yanarudi kwake, na wewe unarudishiwa vipara vyako, matairi yaliyolika mpaka yakawa laini. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa mmoja, pembetatu nyekundu za kuweka barabarani gari likiharibika zilikuwa jozi moja, na kisanduku cha huduma ya kwanza kilikuwa na bandeji moja ambayo hakuna aliyewahi kuifungua. Nadhani matairi yale yalikaguliwa kuliko gari lolote wilayani.

Tatizo ni kwamba mkaguzi wa hapa Bagamoyo alikuwa na macho. Mwaka uliotangulia aliuangalia ule mtungi, akaushika, akamwambia mwenzetu, "Huyu tumeshasalimiana wiki hii." Kwa hiyo nikapiga hesabu zangu, nikazirudia: nikienda Chalinze, ambako hawanijui mimi wala hawaujui mtungi, kazi imekwisha. Safari ya nusu siku kwenye vumbi kukwepa uwanja ulio karibu na nyumbani kwangu. Nilijiona mjanja sana.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hata Shabani sikumwambia. Miezi kadhaa nyuma, nikiwa Miono na mvua inanyesha, bomba dogo linalopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la nyuma lilianza kuvuja. Nilichana mpira wa ndani wa baiskeli, nikalifunga, nikakaza, nikajiambia kesho nitampelekea fundi. Ile kesho haikufika. Asubuhi ya Jumatano ile nililipaka grisi lile fundo, kisha nikalirushia vumbi, hata mimi mwenyewe nikiinama silioni. Mtu akiinama atafute nini, na matairi yanang'aa?

Mama mdogo aliposikia naenda Chalinze akasema na yeye yumo, ana mananasi ya mwanzo anataka kuwaonjesha wenye vibanda wa pale stendi. Nikampakia. Njia nzima ananisifu.

"Leo gari limetulia, Athumani. Umelifanya nini?"

"Nimelitunza tu, Mama mdogo."

"Alhamdulillahi. Lilikuwa likinitikisa mpaka meno."

Chalinze nilipata stika. Sitasimulia mengi, aliyenikagua alikagua alichoonyeshwa, na mimi ndiye niliyechagua cha kuonyesha. Tulirudi Bagamoyo alasiri, na kabla sijampeleka Mama mdogo nyumbani nikapitia kwa Shabani kurudisha mali ya watu. Nilimwomba asubiri kidogo. Akashuka, akakaa juu ya kikapu chake kilichokuwa kitupu, akawa anatutazama tunavyohangaika na jeki na spana.

Mwanangu, yule mama hakuwahi kushika usukani maisha yake yote. Lakini alikuwa mfanyabiashara wa soko, na mtu wa soko hatazami tenga kwa juu, anachomeka mkono mpaka chini. Tairi la pili lilipotoka, akaniita.

"Athumani. Hayo unayoyatoa ndiyo yaliyokaguliwa?"

"Ndiyo, Mama mdogo."

"Na hayo unayoyafunga?"

"Hayo yangu."

Akamtazama Shabani, akalitazama gari la Shabani juu ya mawe, kisha akasimama na kujifunga kanga vizuri.

"Basi msimu huu mananasi yangu atabeba Shabani. Maana gari lililopita ukaguzi ni la kwake, la kwako halijaenda popote."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Shabani naye akaanza kucheka, akauona uso wa Mama mdogo, akaacha. Nikaanza kubembeleza, na unanijua mimi kwa maneno. Nikamwambia nitakwenda polepole. Nikamwambia nitapunguza mzigo, nitabeba matenga nusu. Nikamwambia barabara ni ya mchanga, vipara havitelezi kwenye mchanga. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza?" akauliza. "Kwa mkaguzi umeweza, kwa kuwa yeye hapandi. Mimi napanda, baba. Mimi ndiye nakaa pale mbele." Akabeba kikapu chake, akaenda zake kwa miguu, na stika yangu mpya iko kiooni hata gundi haijakauka.

Siku mbili sikulala vizuri. Kwanza kwa hasira, kwamba mtu nimemwita mama ananipokonya msimu na kumpa rafiki yangu mbele ya macho yangu. Halafu hasira ikapungua, ikabaki picha moja: Mama mdogo amekaa mbele, tunateremka kuelekea mto, nyuma kuna matenga yamejaa, na breki zetu zimeshikiliwa na mpira wa baiskeli. Yeye alikuwa amekataa matairi tu. Hilo la mpira hakulijua, na alikuwa amepanda gari hilo miezi mitatu, kila nilipompeleka shamba. Nikahesabu mara ngapi nimembeba tangu siku ile ya Miono. Nikahesabu tena. Nilitamani hesabu ya pili iwe ndogo, ikaja vilevile.

Jumamosi asubuhi nikaendesha gari taratibu, na vipara vyangu, hadi uwanja wa ukaguzi hapahapa Bagamoyo. Mkaguzi aliitazama stika, akanitazama mimi.

"Wewe si umeshapita? Umefuata nini?"

"Nimekuja kufeli, Afande."

Akavua miwani. "Unasemaje?"

"Nataka ulikague hili kama lilivyo. Uniandikie kila ubovu."

Alidhani nimetumwa kumchezea. Lakini akachukua karatasi, akalizunguka gari, akainuka na kuinama, akaniambia washa hiki, zima kile, geuza usukani. Kila akisimama anaandika. Alipomaliza akanipa. Matairi manne, hayo ameyaandika moja. Taa ya nyuma. Kioo cha pembeni. Mkanda wa abiria hauingii. Usukani una mchezo. Honi. Mtungi hakuna, pembetatu hakuna. Mambo manane. Mazoea ni mabaya, nikaanza kupatana bei.

"Afande, mtungi na pembetatu si tuvihesabu kitu kimoja?"

"Kwa hesabu hiyo wewe na gari pia ni kitu kimoja, niwafungie wote hapa."

Nikaisoma tena ile karatasi. Nane. Nikarudia kuhesabu. Nane. Grisi na vumbi langu vilikuwa vimefanya kazi hata kwa yule mwenye macho. Hapo, mwanangu, ndipo niliposimama. Mambo manane ningeweza kuyamaliza kabla ya msimu. La tisa nilijua likitajwa gari halitoki pale. Na nilijua lisipotajwa nitaliacha, kama nilivyoliacha kila siku tangu Miono, kwa sababu mimi ni mtu ambaye jambo lisilo kwenye karatasi huliona halipo.

"Afande," nikasema, "hayajatimia. Yako tisa."

Nikalala chini mwenyewe, nikafuta vumbi kwa kiganja, nikamwonyesha. Akainama, akaniambia niingie nikanyage breki. Nikakanyaga. Nikamsikia kule chini akisema, "Subhanallah." Alipotoka hakunigombeza, jambo lililoniuma zaidi. Alikwenda kwenye kioo cha mbele akaibandua ile stika kwa ukucha, akaandika la tisa, akaniambia gari halitaendeshwa, litavutwa kwa kamba mpaka kwa fundi.

Na nani mwenye gari la kunivuta? Shabani. Alikuja baadaye siku hiyo akitokea Kiwangwa, nyuma ana mananasi machache yaliyowahi kuiva kabla ya msimu, mbele amekaa Mama mdogo. Nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba, basi. Tukafunga kamba. Nilivutwa mji mzima nikiyatazama mananasi ambayo yangekuwa yangu, na watoto wa kitongoji wakiniuliza kama na mimi nauzwa.

Kazi ilichukua wiki tatu. Niliuza mabati niliyokuwa nimenunua kuezekea chumba cha pili, nikanunua matairi manne. Fundi nilimbana bei ya kila kitu, honi, kioo, mkanda, mpaka akaapa hatanipokea tena. Tulipofika kwenye bomba la breki nikafunga mdomo. Akataja bei, nikatoa. Akanitazama kama mgonjwa. "Leo umekula nini, Athumani?" Nikamwambia funga bomba jipya, na la upande wa pili pia, hata kama ni zima.

Nikarudi kwa mkaguzi. Alikuwa na ile karatasi, akaipitia moja baada ya nyingine mpaka la tisa, na kwenye la tisa alilala chini kabisa. Akanipa stika. Sikupita kwa Shabani wala nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama mdogo, nikamkuta uani anapanga mananasi.

Hakuitazama stika. Alilizunguka gari, akagusa kila tairi.

"Ya nani haya?"

"Yangu."

"Breki?"

Hapo ikabidi nimwambie. Nilimweleza habari ya Miono, mpira wa baiskeli, grisi, miezi ile mitatu, na jinsi nilivyomwonyesha mkaguzi. Nilimweleza nikiwa natazama chini. Akaweka mkono juu ya boneti.

"Ulinibeba hivyo?"

"Nilikubeba hivyo, Mama mdogo. Nisamehe."

"Na hukuwa umeulizwa na mtu. Ulisema mwenyewe kwa mkaguzi?"

"Mwenyewe."

Akaingia ndani. Nikajua ndiyo basi. Akatoka amevaa baibui na mkoba wake begani. Asubuhi hiyo Shabani alikuwa ameshakwenda shamba kupakia.

"Mananasi msimu huu atabeba Shabani," akasema. "Nimeshampa neno langu na sitalirudisha. Lakini mimi mwenyewe nitapanda na wewe." Akafungua mlango, akakaa mbele, akauvuta mkanda, akasikiliza mpaka ukalia. "Twende Kiwangwa."

Siku zote zilizobaki za msimu ule, mwanangu, nilikwenda na pikapu tupu nyuma ya pikapu ya Shabani iliyojaa, nimembeba mtu mmoja. Waliotucheka walicheka. Mimi sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule.

Sasa jibu lako. Usiende Chalinze. Hawana kosa, ila wewe unakwenda kule kwa sababu hawakujui. Peleka gari lako uwanja ulio karibu na nyumbani, kwa mkaguzi atakayekutana na gari hilohilo kesho sokoni. Nenda mapema, mwezi mzima kabla stika haijaisha, ili ukiambiwa rudi uwe na siku za kurudi. Nenda na matairi utakayorudi nayo. Mtungi uwe wako, ujue na kuutumia. Kabla hujatoka nyumbani lala chini ya gari na tochi, andika kila unachokijua wewe ambacho mtu mwingine hawezi kukiona, na karatasi hiyo umpe mkaguzi mkononi. Akikuandikia manane na wewe unajua ni tisa, sema. Utavutwa kwa kamba, utachekwa, utapoteza msimu. Kubali. Bei ya honi patana mpaka fundi akukimbie, bei ya breki lipa. Na kabla hujamfungulia mtu mlango wa mbele, jiulize kama angepanda iwapo angejua yote unayoyajua wewe.

Mungu akulinde na barabara, na awalinde watu wa barabarani na wewe. Akujaalie watakaokaa kando yako wafike walikokuwa wakienda, washuke wakicheka, na kesho wakuite tena kwa jina lako. Amina.