Usimuage, atalia

Mwanangu nilimtoroka mara tatu, na mara zote tatu nilijiona mjanja.

Nilishika mimba ya pili wa kwanza hajatimiza miaka miwili. Huku kwetu mtoto wa hivyo anapelekwa kwa bibi yake asahau ziwa, basi nikampeleka kwa mama yangu, kijijini Kakese. Mchana mama akaniambia nisubiri alale, nitokee mlango wa jikoni. Ukimuaga atalia, akasema, na akilia utamwonea huruma utarudi naye. Nikafanya hivyo. Nikapanda bodaboda kurudi kwangu Ilembo, maziwa yananitiririka mpaka kwenye gauni.

Nilikwenda kumwona mara mbili, na kila nilipoondoka nilimtoroka. Mara ya mwisho alilala ameshika ncha ya kitenge changu, ngumi ameikaza. Nikakifungua kiunoni, nikamwachia. Mama alinisifu. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Alirudi nyumbani ana miaka minne. Watu wakasema nimebarikiwa mtoto mtulivu: hasumbui, haombi, hata akianguka halii. Nikavimba kichwa. Kumbe huko chekechea ya Shanwe, saa ya kuondoka ikifika anawang'ata wenzake. Mwalimu aliponiita nilikuja juu, nikamwambia afundishe, asinichunguze ndani kwangu. Yule dada hakununa. Aliniuliza tu huwa naondokaje nyumbani. Nikamsimulia habari ya mlango wa jikoni.

Akanielekeza nimuage mtoto kila ninapotoka, nimwambie naenda wapi, nirudi saa niliyosema. Nyie, nimefanya hivyo miaka miwili. Nimekatisha maongezi, nimetembea na mvua, ilimradi nisichelewe. Kung'ata ameacha. Lakini kwangu haji. Akiumwa anajikunyata peke yake ukutani. Mdogo wake ndiye anayenirukia mlangoni. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, najua, ila unauma. Unauma sana.

Wiki iliyopita nilichuchumaa mbele yake nikamwambia naenda sokoni, saa kumi nitakuwa nimerudi. Siku hiyo nikaongeza maneno ambayo sijawahi kuyasema: kwamba zamani nilimkosea, anisamehe, sitamwacha tena. Machozi yakanitoka. Akanifuta kwa kiganja, taratibu, kama anavyomfuta mdogo wake kamasi.

"Usilie, mama," akasema. "Wewe nenda tu. Mimi nimeshazoea."